Jumuiya ya Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Parokia nyingi za mijini hapa Tanzania zina utaratibu unaofanana: Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo husali Jumamosi alfajiri, saa kumi na mbili au na nusu, kabla watu hawajatawanyika kwenda sokoni, misibani na kwenye vikao vya harusi. Saa hiyo ilichaguliwa kwa nia njema. Jua halijawa kali, mwenye duka hajafungua, na mwenye ofisi yuko nyumbani. Sisi wenyewe tumesali katika jumuiya za namna hiyo wakati wa likizo, na tunazipenda.

Lakini saa kumi na mbili asubuhi ni saa ambayo mlinzi wa usiku anamsubiri mwenzake aje kupokea lindo. Ni saa ambayo muuguzi anaandika taarifa ya wagonjwa ili amkabidhi anayeingia. Dereva wa basi la mkoani ameshatoka stendi, na mama wa vitumbua yuko katikati ya biashara yake. Watu hawa majina yao yakisomwa kwenye daftari la jumuiya hawaitiki, na baada ya miezi kadhaa wanapewa jina jingine: walegevu. Sisi tunasema kwamba wengi wao si walegevu. Wako zamu. Na kwa kuwa mtu anaweza kuwa zamu tangu utoto mpaka uzee, Kanisa linaweza kumkosa kwa maisha yake yote bila yeye kuiacha imani hata siku moja.

Huku kwetu Mitole, bara ya Kilwa, yupo mzee mmoja ambaye maisha yake yote yamepangwa kwa zamu. Hatutamtaja jina. Tulipomwomba ruhusa ya kuandika habari zake alicheka, akasema, "Andikeni, wajukuu zangu, ila msiniweke jina, nitaonekana nadai." Umri wake unakaribia sabini. Baba yake alikuja huku akitokea upande wa Nyangao, ndiyo maana yeye ni mmoja wa Wakatoliki wachache katika eneo ambalo majirani wengi ni Waislamu.

Zamu yake ya kwanza aliipata akiwa na miaka saba au minane: kuamia ndege kwenye mpunga. Anayelima mpunga anaijua kazi hiyo. Mpunga ukianza kushika maziwa, ndege wanashuka kabla ya jua na hawaondoki mpaka magharibi, na mtoto anakaa na kombeo lake na debe bovu la kugonga siku nzima, akila muhogo wa kuchoma palepale. Alipokuwa kijana akapandishwa cheo, kama anavyosema mwenyewe: akatolewa zamu ya mchana ya ndege, akapelekwa zamu ya usiku ya nguruwe. Hapo ndipo alipolijua dungu, lile jukwaa la miti lenye paa la makuti linalojengwa katikati ya shamba, na moto unaowaka chini usiku kucha. Nguruwe pori anafukuzwa kwa kelele na mbwa. Tembo anayetoka porini upande wa Selous hafukuzwi kwa kombeo. Hapo mtu anagonga debe huku anamwomba Mungu. Baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 watu walikusanywa pamoja, mashamba yakabaki mbali, na kazi ya dungu ikawa nzito zaidi, kwa sababu mtu hakuweza tena kulinda shamba lake akiwa mlangoni kwake.

Mwisho wa miaka hiyo ya 1970 akaenda Dar es Salaam. Vijana wa leo wanaopanda basi Nangurukuru na kufika mjini siku hiyohiyo hawawezi kuijua safari ile. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika mtu aliweza kulala njiani siku kadhaa. Mjini alipata kazi katika kiwanda kimoja cha nguo, na kiwanda kilikuwa na shifti tatu: ya asubuhi kutoka saa moja hadi saa tisa, ya alasiri kutoka saa tisa hadi saa tano usiku, na ya usiku kutoka saa tano hadi saa moja asubuhi. Kila wiki walibadilishana. Mwili ukizoea wiki ya usiku, wiki inakwisha. Mkewe alikuwa akiamka saa tisa za usiku kukaanga maandazi. Waliishi chumba kimoja miaka kumi na tano, lakini anasema zipo wiki ambazo walikuwa wanakutana mlangoni tu, mmoja ameshika ndoo ya unga na mwingine ameshika funguo. (Tunaomba msomaji asimsahau huyo mama. Zamu yake haikuwa na king'ora cha kuanza wala cha kumaliza, na hakuna aliyemwandikia saa za ziada.)

Katikati ya miaka ya 1990 kiwanda kikapunguza watu. Akawa mlinzi. Miaka ishirini hivi alilinda mageti na maduka, karibu muda wote usiku, kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Alipochoka akarudi Mitole, na huku akakuta kazi inamsubiri, maana vijana wako mjini na nguruwe wako palepale. Tulipokwenda kumwamkia msimu uliopita tulimkuta dunguni. Tulisema shikamoo kwa sauti kubwa, kwa sababu sikio moja halisikii vizuri, na akatuonyesha ngazi mpya aliyoitengeneza, yenye vipago vilivyokaribiana, kwa ajili ya magoti yake.

Maisha yote hayo hakuacha kusali. Rozari yake imebadilishwa uzi mara nne. Lakini siku alipotaka mjukuu wake abatizwe katika parokia ya huko mjini, aliambiwa alete barua ya jumuiya. Mwenyekiti akafungua daftari, na mbele ya jina la mzee wetu palikuwa pameandikwa neno moja: hajulikani. Ndiyo kusema, mtu aliyepita mbele ya nyumba ya mwenyekiti kila asubuhi akitoka lindoni, kwa miaka, hakujulikana. Mtoto alibatizwa baadaye, baada ya miezi kadhaa na baada ya michango ya nyuma kulipwa. Mzee hana kinyongo. Sisi tunalo swali.

Swali letu linaanzia pwani. Tukishuka kutoka Mitole mpaka baharini, Kivinje, Somanga na visiwa vya Songo Songo, tunakuta watu wengine wanaofanya kazi usiku: wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mchanga au ukiwa umekwisha, mashua zinatoka jioni na kurudi alfajiri. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi, na wavuvi wanabaki nchi kavu. Siku hizo wanashona nyavu, wanaoana, wanasuluhisha kesi zao, wanacheza bao. Kazi yao ni ngumu kuliko ya mlinzi, na bahari imewameza wengi. Hata hivyo hatujasikia kijiji cha wavuvi kikisema kwamba mvuvi fulani hajulikani. Kwa nini?

Kwa sababu mapumziko ya mvuvi yanapangwa na mwezi, na mwezi hauchagui mtu. Ukiwaka, umewawakia wote. Wanachoka pamoja na wanapumzika pamoja. Mlinzi anapumzika kwa karatasi ya ratiba iliyobandikwa ukutani na msimamizi, na karatasi hiyo inampa siku yake ya ofu peke yake: huyu Jumanne, yule Alhamisi. Jumanne yake anaamka mchana, anakuta watoto shuleni, mke sokoni, majirani kazini. Amepewa saa ishirini na nne halali kabisa, na hana wa kukaa naye. Hapo ndipo tunapoona tofauti ambayo katika darasa la falsafa tungeipa jina kubwa: kuna wakati wa kupumzika, na kuna wakati wa kuwa pamoja. Wa kwanza unahesabika kwa saa. Wa pili hauhesabiki hivyo, kwa sababu unategemea pia saa za mtu mwingine.

Sheria yetu inaujua wa kwanza tu. Tuiangalie kidogo, kwa sababu walinzi na wafanyakazi wengi wa viwandani hawajawahi kusomewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika kipindi cha wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Kwa siku, mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena awe na saa 12 za kupumzika mfululizo, na kila wiki apate angalau saa 24. Usiku, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kila saa ya usiku iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mama mjamzito katika miezi miwili ya mwisho asipangiwe usiku.

Sasa tufanye hesabu ya mzee wetu. Saa 12 mara siku 6 ni saa 72. Sheria ingeruhusu 45 na, kwa wastani, 12 na nusu za ziada, jumla 57 na nusu. Kila wiki alitoa saa 14 na nusu zaidi ya kiwango cha juu kabisa. Na ile asilimia 5 ya usiku? Mtu anayelipwa shilingi 1,000 kwa saa anaongezewa shilingi 50. Hiyo ndiyo bei ambayo nchi imeuwekea usiku wa mtu: haifiki hata nauli ya kituo kimoja cha daladala.

Wanasayansi nao wamesema la kwao. Mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walioonyesha jinsi chembe hai za mwili zinavyobeba saa yao wenyewe inayofuata mchana na usiku. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zamu za usiku mwaka 2007 katika kundi la mambo ambayo yaelekea husababisha saratani, na mwaka 2019 likaiacha katika kundi hilo. Mzee wetu hakuhitaji maabara kuambiwa. Anasema mwili wa mlinzi unakuwa kama mgeni: umekaa naye lakini hujui saa ngapi ataomba maji.

Lakini turudi kwenye kuwa pamoja, maana hilo ndilo linalotugusa sisi kama Kanisa. Imewahi kutokea nchi moja kubwa ikajaribu kuligawa pumziko la watu wake kwa makusudi. Mwaka 1929 serikali ya Kisovyeti iliondoa juma la siku saba viwandani, ikaweka juma la siku tano ambalo mashine hazizimwi. Wafanyakazi waligawanywa katika makundi, mara nyingi kwa rangi, na kila rangi ikapewa siku yake ya kupumzika. Kwa hesabu ya saa, watu walipata mapumziko mara nyingi zaidi kuliko zamani: siku moja katika tano badala ya moja katika saba. Lakini mume alikuwa wa rangi moja na mke wa rangi nyingine. Dominika ikafa bila kanisa hata moja kufungwa kwa ajili hiyo, kwa kuwa hapakuwa na siku ambayo wote wangeweza kuwa huru kwa pamoja. Mpango huo haukudumu. Mwaka 1931 ulibadilishwa kuwa juma la siku sita lenye siku moja ya mapumziko kwa wote, na mwaka 1940 juma la siku saba likarudi na Dominika yake.

Hapa kwetu hakuna serikali iliyoifuta Dominika. Imefutwa kimyakimya, mtu mmoja mmoja, kwa ratiba za ukutani.

Kitabu cha Kutoka na cha Kumbukumbu la Torati vikitoa amri ya Sabato havimwamuru mtu mmoja apumzike. Vinahesabu nyumba nzima: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, ng'ombe wako, na mgeni aliye ndani ya malango yako. Tumejiuliza mara nyingi kwa nini orodha ni ndefu hivyo. Tunadhani ni kwa sababu pumziko la mwenye nyumba peke yake, huku mtumwa anafanya kazi, si Sabato. Na huyo mgeni wa malangoni, kwa macho ya leo, tunamwona kila siku amekaa kwenye kiti cha plastiki getini. Mtakatifu Yohane Paulo II katika Laborem Exercens, mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi inatoka kwanza kwa mtu anayeifanya, kabla ya kile kinachozalishwa. Tukilikubali fundisho hilo, hatuwezi kusema kazi ya getini si kazi ya maana, wala hatuwezi kupanga maisha ya Kanisa kana kwamba anayeifanya hayupo.

Kuna watakaosema: kazi za usiku haziepukiki. Kweli kabisa. Hospitali haifungwi. Gesi ya Songo Songo iliyoanza kwenda Dar es Salaam mwaka 2004 kuzalisha umeme haiwezi kuambiwa isubiri mpaka asubuhi, na sisi tunaosoma usiku kwa taa tunasoma kwa sababu kuna mtu mahali fulani yuko macho anaangalia mitambo. Katekisimu yenyewe inakubali kwamba mahitaji ya familia na huduma kwa jamii vinaweza kumzuia mtu kushika pumziko la Dominika. Hatuombi dunia izimwe. Tunaomba anayeiwasha asiandikwe "hajulikani".

Wapo pia watakaosema, na tumewasikia: anayetaka sala atapata muda; si mlinzi anatoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, basi Dominika apitie Misa ya kwanza. Wengi hupitia, na wanastahili heshima. Lakini mwenzake akichelewa kumpokea, Misa ya kwanza imekwisha. Akiwahi, anakaa benchi la nyuma akiwa na sare, na mahubiri yakianza anasinzia. Tumeona mhudumu wa kanisa akimgusa bega mtu wa namna hiyo ili aamke, na watu wakageuka. Dominika iliyofuata hakuja. Ukiuliza jumuiya watakwambia ameacha kusali.

Na tusidhani kwamba ugumu huu ni mpya au kwamba Kanisa halijawahi kuufikiria. Kwa karne nyingi aliyetaka kukomunika alifunga tangu saa sita usiku, hata maji asinywe. Mtu wa zamu ya usiku afanyeje? Mwaka 1953 Papa Pius XII alitoa katiba ya kitume Christus Dominus (isichanganywe na hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano yenye jina hilohilo), na kati ya sababu alizozitaja ni wafanyakazi wa viwandani na wa usafirishaji wanaopokezana zamu mchana na usiku. Akalegeza mfungo, akasema maji hayauvunji, akawaruhusu maaskofu kuweka Misa za jioni. Mwaka 1957 mfungo ukawa wa saa tatu, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaufanya wa saa moja. Misa ya jioni tunayoiona ya kawaida leo, pamoja na ruhusa ya kutimiza wajibu wa Dominika tangu Jumamosi jioni, mizizi yake imo humo. Roma ilisogeza usiku wa manane kwa ajili ya watu wa zamu. Sisi bado tunashindwa kusogeza Jumamosi alfajiri, ambayo haimo katika amri za Mungu wala katika sheria za Kanisa.

Maandiko nayo yanawajua watu hawa kuliko tunavyowajua. Luka anaanza Injili yake na kuhani Zakaria aliyekuwa katika zamu yake hekaluni, na sura inayofuata habari njema ya kuzaliwa kwa Bwana inawafikia kwanza watu waliokuwa wakilinda kundi kwa zamu usiku. Na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati nyingine ndogo. Anayesoma Mathayo sura ya 20 kwa Kiingereza huhitaji kuelezwa saa ya kumi na moja ni saa ngapi. Mtu wa Mitole anajua: ni saa kumi na moja jioni, jua linaelekea kuzama, muda wa kuanza kukusanya kuni za moto wa dunguni. Wale waliosimama sokoni mpaka saa hiyo walipoulizwa kwa nini, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwaita wavivu kisha akaondoka. Alitoka tena kuwatafuta, mara tano kwa siku moja, kwa saa tofauti.

Jumuiya zetu zilizaliwa kwa roho hiyo ya kutoka. Maaskofu wa AMECEA, walipozifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, hawakuwa wakitafuta daftari jingine la mahudhurio. Walitaka Kanisa lifike pale watu wanapoishi. Sasa mlinzi anaishi wapi? Nyumbani kwake analala mchana, na watoto wa nyumba hiyo wamefundishwa kutocheza kwa sauti. Saa zake za uhai ziko getini. Katika mtaa mmoja wa mjini wenye mageti arobaini hamkosi Wakristo kumi wa usiku, na wanafahamiana vizuri kuliko wenye nyumba wanavyofahamiana. Wanaazimiana moto, chaji na vocha. Hiyo tayari ni nusu ya jumuiya. Hakuna kinachozuia katekista mmoja au baba mmoja wa UWAKA kupita huko saa tatu usiku mara moja kwa mwezi, akawasomea Injili ya Dominika inayokuja kwa dakika kumi, wakiwa wamesimama, kila mmoja macho yake kwenye geti lake. Wauguzi nao wanaweza kusali baada ya zamu ya mchana, palepale karibu na hospitali, siku yoyote. Na kama jumuiya ina kaya thelathini, isali Jumamosi alfajiri mara mbili kwa mwezi na jioni mara mbili. Wenye duka watalalamika, na wana haki ya kulalamika, lakini na wao watajua sasa jinsi inavyokuwa.

Tunajua pingamizi lililo zito kuliko yote, kwa sababu mmoja wa walezi wetu alilitoa tulipomweleza wazo hili. Alisema: mkiwatengenezea watu wa usiku jumuiya yao, si mnafanya kilekile mlichokilaumu, kila rangi na siku yake? Ni kweli, hatari hiyo ipo, na hatuna jibu linaloifuta. Ndiyo maana tunasisitiza kuzungusha saa kuliko kuunda jumuiya za pembeni, na tunadhani kila parokia ingechagua siku chache kwa mwaka, somo wa parokia, Krismasi, Pasaka, ambazo waamini wenye maduka na kampuni na mageti wangewaachia wafanyakazi wao wote, Wakristo kwa Waislamu kila mmoja kwa sikukuu yake, ili wawe na watu wao kwa wakati mmoja. Huku Kilwa majirani zetu Waislamu wanatusaidia katika hili bila kuombwa. Usiku wa Krismasi mzee wetu alipokuwa kijana, dungu lake lililindwa na kijana wa Kiislamu wa shamba la jirani, na usiku wa kuamkia Idi yeye alilinda la mwenzake. Hakuna kamati iliyokaa.

Kwa sisi mafrateri jambo hili lina makali yake. Seminarini tunaishi kwa kengele moja. Tunaamka pamoja, tunasali Masifu ya Asubuhi pamoja, tunakula, tunasoma na kulala pamoja, na kila Dominika ni yetu sote. Baada ya miaka kumi ya maisha hayo mtu huanza kuamini kwamba hivyo ndivyo siku ya binadamu ilivyo, na kwamba asiyeifuata ana kasoro. Kisha anapewa parokia. Tukipelekwa likizo ijayo parokiani, tungependa walezi watupangie angalau wiki moja ya kutembelea watu kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kwa ruhusa ya waajiri na kwa usalama unaofaa.

Na kuhusu daftari, tunapendekeza kitu cha bei ya rula na kalamu. Pembeni ya jina, simu na kiasi cha zaka, uchorwe mstari mmoja zaidi, na mwenyekiti anapomwandikisha mwanajumuiya amuulize: unaingia kazini saa ngapi, na unatoka saa ngapi?